Akiba ya Bibi: Ubongo wa Uzeeni Huanza Kutunzwa Lini?

Kwetu Pwani bibi humtania mjukuu wake wa kiume kwa kumwita mume. Bibi yangu mzaa mama, anayeishi Ngamiani, Tanga mjini, amekuwa akinipokea hivyo tangu sijui kufunga kamba za viatu: "Mume wangu huyo karudi, mleteeni kiti!" Likizo ya mwaka jana nilishuka basi, nikafika nyumbani na mfuko wa machungwa ya Muheza, nikamwamkia. Akaitika marahaba, akanitazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa adabu kabisa: "Hujambo baba. Wewe ni mtoto wa nani?"

Nikacheka, nikidhani ni utani mpya. Mama akanikonyeza ninyamaze.

Usiku ndipo nikaelezwa. Kwa miezi kadhaa Bibi alikuwa anabandika wali jikoni na kuusahau mpaka jirani asikie harufu ya kuungua. Mara mbili alipotea akirudi kutoka soko la Mgandini, njia aliyoipita zaidi ya miaka arobaini. Habari za asubuhi kwake zimekuwa kama ule msemo wetu wa Tanga, waja leo waondoka leo. Lakini ukimuuliza mambo ya mwaka wa Uhuru, anakueleza mpaka rangi ya khanga aliyovaa. Jirani mmoja alisema amechezewa. Mwingine akasema ni majini ya ukoo yanadai chao. Mama alimpeleka kituo kimoja cha afya, akajibiwa kwa sentensi moja: "Huo ni uzee tu, mama, mrudisheni nyumbani."

Mimi nasomea ualimu, si udaktari. Lakini majibu yale matatu yalinikera, kwa hiyo niliporudi chuoni nikaanza kusoma. Niliyoyakuta nimeona si vizuri nikae nayo peke yangu, hasa kwa sababu sehemu kubwa yake haimhusu Bibi. Inamhusu Mama, na inatuhusu sisi tunaokaa vimbwetani tukijiona uzee ni habari ya watu wengine.

Uzee ni uzee, ugonjwa ni ugonjwa

Tuanze na jina. Wataalamu wanaiita demensia. Si ugonjwa mmoja, bali ni hali ya kupungukiwa kumbukumbu, kufikiri, lugha na uamuzi, hadi mtu anashindwa kufanya shughuli zake za kila siku. Chanzo kinachojulikana zaidi ni ugonjwa wa Alzheimer, ambao protini zisizotakiwa hujikusanya kwenye ubongo na seli zake hufa taratibu. Kingine ni mishipa midogo ya damu ya ubongo kuharibika au kuziba, mara nyingi kwa sababu ya presha, kisukari au viharusi vidogo vidogo ambavyo mgonjwa mwenyewe hakuvijua. Wazee wengi wanakuwa na yote mawili kwa pamoja.

Kusahau ulipoweka miwani ni uzee wa kawaida. Kuishika miwani na kutojua kazi yake ni jambo jingine. Kusahau jina la mgeni wa harusi si tatizo. Kupotea kwenye mtaa wako ni dalili. Utaona basi kwamba yule aliyemwambia Mama "ni uzee tu" alikosea. Umri unaongeza hatari, kweli, lakini wazee wengi wanafika miaka themanini na akili zao timamu. Tusingesema "utu uzima dawa" kama kuzeeka kungekuwa ndiko kuharibikiwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 55 duniani wanaishi na hali hii, na zaidi ya asilimia 60 yao wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Mimi nilikuwa naamini ni ugonjwa wa Wazungu kwa sababu wao wanaishi sana. Kumbe sivyo.

Jirani zetu wa Hai walishapimwa

Ushahidi wa karibu zaidi uko mwendo wa saa chache kutoka Tanga, kwenye wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Mwaka 2009 na 2010 watafiti wa Tanzania na Uingereza walipita vijiji sita na kuwaona wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Waligundua kwamba baada ya kurekebisha tofauti za umri, takriban asilimia 6.4 walikuwa na demensia. Kiwango hicho hakiko mbali na cha nchi tajiri. Kwa lugha ya mtaani, ukikusanya wazee mia wa umri huo kwenye kijiji cha Hai, sita au saba wako kama Bibi yangu. Sina sababu ya kudhani Pangani au Mkinga ni tofauti sana.

Kuna jambo jingine la Hai lililonigusa kama mwalimu mtarajiwa. Vipimo vingi vya kumbukumbu vilitengenezwa kwa watu waliosoma: andika sentensi, chora saa, hesabu kwa kurudi nyuma. Mzee ambaye hajawahi kushika kalamu anafeli kabla hajaanza, na kufeli huko hakutuambii lolote kuhusu ubongo wake. Kwa hiyo watafiti wa Hai walitengeneza kipimo kifupi kisichodai kusoma wala kuandika. Mzee anaulizwa leo ni siku gani. Anatajiwa maneno kumi na baadaye anaulizwa anayakumbuka mangapi. Anataja wanyama wengi awezavyo ndani ya dakika moja. Anapanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano aliooneshwa. Kila aliyewahi kutunga mtihani ajiulize: hivi swali langu linapima ninachotaka kupima, au linapima kitu kingine?

Elimu kama akiba

Wanasayansi wanatumia neno akiba wanapoeleza kwa nini watu wawili wenye uharibifu uleule kwenye ubongo wanaweza kuwa na hali tofauti kabisa. Mmoja hajui jina la mwanawe, mwenzake bado anacheza bao la kete na kufunga watu. Maelezo yao ni kwamba ubongo uliozoeshwa kufikiri unajenga njia nyingi za kupitisha taarifa. Njia moja ikiziba, taarifa zinapita nyingine. Ni kama aliyejaza kibubu miaka mingi. Mwizi akiiba kidogo, mwenye kibubu hatambui mapema kama yule aliyekuwa na shilingi mia mbili.

Sasa fikiria kizazi cha bibi zetu. Mwaka 1967 zaidi ya nusu ya watu wazima wa Tanzania walikuwa hawajui kusoma na kuandika, na wanawake walikuwa na hali mbaya zaidi. Bibi hakupelekwa shule, walipelekwa kaka zake. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kampeni ya kufuta ujinga ikafuata, Bibi alikuwa mama kijana mwenye watoto wawili. Alikwenda kisomo jioni, mtoto mmoja mgongoni, akajifunza kusoma, kuandika jina lake na kupiga hesabu za vitumbua. Takwimu rasmi za katikati ya miaka ya 1980 zilionesha kwamba wasiojua kusoma walikuwa wamebaki takriban asilimia 10. Sisi wa Kitivo cha Elimu tunaisoma kampeni ile kama historia ya siasa na maendeleo. Mimi sasa naiona pia kama kampeni ya afya ya ubongo, ingawa hakuna aliyeiita hivyo.

Je, kisomo kilimsaidia Bibi kuchelewa kuugua? Kwa mtu mmoja hakuna anayeweza kulijibu hilo. Ila kwa watu wengi kwa pamoja, elimu ya utotoni ni moja ya mambo yanayohusishwa na kupungua kwa hatari hii. Maana yake mtoto wa kike anayeachishwa shule Mkinga leo anapoteza zaidi ya cheti. Miaka sitini ijayo huenda deni hilo likadaiwa kichwani mwake.

Mambo kumi na manne

Mwaka 2024 jopo la wataalamu lililoitishwa na jarida la kitabibu la Lancet lilitoa orodha ya mambo 14 ambayo yanaweza kurekebishwa. Wakakadiria kwamba kama yangeondolewa yote, takriban asilimia 45 ya demensia duniani ingezuilika au kucheleweshwa. Nayaweka hapa kwa makundi ili yakumbukike.

Utotoni: elimu ndogo.

Umri wa kati, yaani kuanzia sisi tunakoelekea hadi umri wa wazazi wetu: kupungua usikivu wa masikio, lehemu mbaya nyingi kwenye damu, sonona, majeraha ya kichwa, kutofanya mazoezi, kisukari, kuvuta sigara, presha ya juu, unene uliopitiliza na ulevi wa kupindukia.

Uzeeni: upweke, hewa chafu na kutoona vizuri bila kutibiwa.

Tuelewane vizuri kuhusu ile asilimia 45. Haina maana kwamba ukifuata masharti yote huwezi kuugua, wala kwamba aliyeugua amejitakia. Zaidi ya nusu inabaki kwenye umri, kurithi na mambo ambayo sayansi haijayafungua. Hiyo ni hesabu ya jamii nzima, si hukumu ya mtu mmoja. Nasema hivi kwa sababu Mama aliposikia orodha aliuliza kwanza: "Kwa hiyo sisi ndio tuliomuua akili mama yetu?" Hapana, Mama. Hakuna aliyemuua.

Presha ndiyo ufa wetu

Kama ningeruhusiwa kuchagua jambo moja tu la kupigia kelele Tanga, ningechagua presha. Ubongo ni takriban asilimia 2 ya uzito wa mwili, lakini unatumia karibu asilimia 20 ya nguvu yake, na yote hiyo inaletwa na damu. Presha ikikaa juu miaka ishirini, mishipa ile midogo inakakamaa kama mpira wa maji ulioachwa juani. Ukubwa wa tatizo? Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne, wenye umri wa miaka 25 hadi 64, alikuwa na presha ya juu. Kwa wazee wa Hai waliopimwa, ilikuwa zaidi ya nusu.

Na presha haina kelele. Hapo ndipo inapomkamata Mama. Ana miaka 51. Aliambiwa ana presha miaka miwili iliyopita, akapewa dawa, akazinywa mpaka kichwa kikaacha kuuma, akaacha. "Siku hizi sina presha," ananiambia, "sisikii chochote." Mimi ni mtoto wa kumzaa, siwezi kumkalisha nikamhubiria. Nikamwomba anisindikize mimi kupima, nikisema chuoni wametuhimiza. Nikapimwa, nikawa sawa. Muuguzi akamgeukia: "Na mama je?" Ikasoma 168 kwa 102. Mama akakitazama kile kipimo kama vile kimemsema vibaya mbele za watu.

Tulirudi tukitembea, hatukupanda bajaji. Karibu na nyumbani akasema, "Mama yangu hakupimwa presha hata siku moja." Hakusema zaidi ya hapo. Tangu siku ile vidonge viko juu ya kabati pembeni ya msala, anakunywa kila baada ya magharibi.

Je, kutibu presha kunasaidia ubongo kweli, au ni matumaini tu? Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa wa vijijini China, uliohusisha karibu watu 34,000 kwenye vijiji 326. Katika nusu ya vijiji, wahudumu wa afya wa kijijini, ambao si madaktari bingwa, walifundishwa kufuatilia presha kwa karibu, kutoa dawa na kuhimiza watu wasiziache. Baada ya miaka minne, demensia ilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko kwenye vijiji vingine. Nimelipenda jibu hilo kwa sababu halihitaji mashine ya mabilioni. Linahitaji kipimo cha presha, vidonge vya bei nafuu na mtu wa kukukumbusha. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa ubongo hauna fundi.

Chumvi nayo tuiseme. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyoko ndani ya vyakula. Sisi wa Pwani tuna papa mkavu wa chumvi, tuna achari, na bado mtu anaomba chumvi ya kunyunyizia mihogo. Sisemi tuache chakula chetu. Samaki wabichi, mbaazi, kunde, kisamvu, tembele, machungwa na ndizi ni chakula kizuri mno, na ni cha kwetu. Tupunguze tu mkono kwenye chumvi, mafuta ya kukaangia na ile chai ya vijiko vitano vya sukari.

Na sisi je?

Mwanachuo mwenzangu, usije ukasema makala hii ni ya wazee. Samaki mkunje angali mbichi.

Kichwa chako. Bumu likitoka, tunapanda bodaboda watu watatu bila hata helmeti moja. Jeraha la kichwa ni moja ya yale mambo 14. Dereva akikupa helmeti usiikatae eti inaharibu nywele.

Masikio yako. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya vijana bilioni moja wako kwenye hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya sauti kubwa. Hedifoni isizidi asilimia 60 ya sauti ya simu, na kwenye vigodoro usisimame ukiwa umeegemea spika. Asiyesikia vizuri hujitenga na mazungumzo, na ubongo wake unakosa kazi.

Miguu yako. Dakika 150 za mazoezi kwa wiki zinatosha, sawa na nusu saa kwa siku tano. Tanga imesifika kwa baiskeli. Babu zetu waliendesha kwenda kazini na sokoni bila kujua kwamba wanatunza ubongo. Sisi tunaona baiskeli ni ya asiye na uwezo wa kununua pikipiki.

Moyo wako. Sonona si uvivu wala kukosa imani. Kama rafiki yako wa hosteli haamki, hali, hazungumzi, usimwache akidhaniwa anaogopa supu. Mtafutie mshauri wa wanafunzi.

Sigara na pombe sina haja ya kueleza. Mnajua wenyewe.

Ambaye ameshaanza kusahau

Kwanza, mpelekeni hospitali, na mkijibiwa "ni uzee" ombeni apimwe zaidi. Hali nyingine zinafanana na demensia na zinatibika: tezi ya shingo kutofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, sonona, madhara ya dawa. Mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, hiyo ni dharura. Inaweza kuwa maambukizi, malaria au kiharusi.

Pili, msimfungie ndani. Huko Hai watafiti walijaribu tiba ya vikundi isiyotumia vidonge. Wazee wenye demensia hukutana kwa vikao 14 vya michezo, nyimbo, mazungumzo ya zamani na kazi za mikono, na walionesha nafuu ya kufikiri na ya maisha kwa ujumla. Haikuwaponya. Iliwapa siku nzuri zaidi.

Tatu, maneno ya uchawi tuyakatae mapema. Mzee anayetembea usiku na kuongea peke yake ni rahisi kunyooshewa kidole kuwa mchawi. Tumesikia nchini mwetu wazee, hasa vikongwe wa kike, wakiuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Mtu mmoja mtaani anayejua kusema "huyu anaumwa" anaweza kuokoa maisha.

Nyumbani tumepanga zamu. Asubuhi Bibi hupepeta mchele na shangazi, kazi ambayo mikono yake haijaisahau. Jikoni haachwi peke yake. Mfukoni mwake kuna karatasi yenye jina na namba ya simu ya mjomba. Nilitaka kuiandika mimi, lakini akaninyang'anya kalamu na kuandika jina lake mwenyewe, herufi kubwa kubwa, kama alivyofundishwa kisomoni. Namba ya simu ndiyo niliyoandika mimi.

Bado ananiuliza mimi ni mtoto wa nani. Namjibu. Siku nyingine akishajibiwa anacheka na kusema, "Basi wewe ni mume wangu." Siku nyingine hasemi.

Wiki hii, kabla hujafungua desa, mpigie mzazi wako simu. Usimuulize tu habari za nyumbani. Muulize mara ya mwisho amepima presha lini, na kama alipewa dawa, bado anazinywa?